Kilio cha Lumino

Kufika saa mbili asubuhi ya Ijumaa, Bi Nusura alikuwa ameshakunywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi na kuchoshwa na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Benard, meneja wa Radi Kavu, mtu asiyejua kusema jambo mara moja likatosha. Wa pili alikuwa Kevo, mpiga ngoma wa kuazimwa kutoka Kisumu, ambaye tangu saa moja alikuwa akitwanga seti yake mwisho wa ukumbi bila kuombwa na mtu.

"Madam, leo saa kumi na moja jioni natia sahihi," Benard alisema kwa mara ya tatu. "Kevo anaingia bendi rasmi. Jumatatu tuko Kisumu, Alhamisi Nairobi, wiki inayofuata Kampala. Siwezi ngojea msee amezima simu wiki tatu."

"Nimesikia."

"Niletee sababu. Ikiwa ya maana, nitampigania. Bila sababu, kiti kimeenda."

Kiti hicho Okochi alikuwa amekikalia miaka tisa. Yeye na mwimbaji Rasto ndio walioianzisha Radi Kavu katika ukumbi huu huu, nyuma ya kinu cha unga, Busia upande wa Kenya, enzi ambazo watu walisema roki ni muziki wa waliokosa usingizi. Siku hizi hakuna bodaboda mpakani isiyopiga "Mvua ya Upande Mmoja", na magazeti ya Nairobi huandika jina la bendi bila kueleza ni akina nani. Halafu, wiki tatu zilizopita, siku moja baada ya tamasha la Lumino, Okochi akatuma ujumbe wa maneno matatu: "Natoka bendi. Msinitafute." Tangu hapo, kimya.

Nusura alikuwa mpelelezi wa polisi Tororo kwa miaka ishirini na sita. Alistaafu akiwa na goti bovu na desturi moja: mtu akikimbia, yeye hajali sana alichobeba, hutazama alichoacha. Akamwomba Kevo apumzike. Kevo alipumzika kwa shingo upande, na ukumbi mzima ukashukuru.

Seti ya Okochi ilikuwa kona ya kushoto, imefunikwa kwa leso mbili zilizofungwa fundo kila pembe. Nusura alifungua mafundo moja moja. Ngoma zilikuwa zimefutwa vumbi. Pedali ilikuwa imeng'olewa, ikapakwa grisi, ikaviringishwa ndani ya kitambaa.

"Nani alifunika hii?"

"Tuliikuta hivyo," Benard alijibu.

"Na yeye alibeba nini?"

"Hakuna. Nguo alizovaa na vijiti viwili."

"Basi huyu hajahama," Nusura alisema akifunga leso tena. "Mtu yenye anahama hapaki grisi. Huyu amelaza ngoma yake, anataka kurudi."

Benard hakukubali. Yeye alikuwa na hakika kwamba Okochi amechukuliwa na bendi moja ya Kampala. Kevo naye alikuwa na habari yake: mtu alimwona Okochi sokoni Masafu, kichwa kimenyolewa kipara, zile rasta zake za miaka tisa hazipo hata moja. Kwa hiyo ameokoka, na walokole wamemkataza roki. Nusura hakubishana nao, maana njia zote mbili alikuwa ameshazipita jana. Bendi ya Kampala ilikuwa na mpiga ngoma ambaye ni shemeji ya mwenye bendi, na shemeji hafukuzwi. Wachungaji wanne wa Masafu hawakuwa wamemwona Okochi, na mchungaji aliyempata mwanamuziki mashuhuri hawezi kunyamaza siku mbili. Kipara, hata hivyo, kilikuwa cha kweli; wauzaji watatu sokoni walikiona. Nusura alikiandika katika daftari na kukipigia mstari.

Rasto alikuwa ameketi juu ya spika, miguu mirefu imenyooshwa, anajifanya anafunga nyuzi za gitaa. Alikuwa Mteso wa Molo, upande wa Uganda, na sauti yake hata akinong'ona ilijaza chumba.

"Mligombana?" Nusura alimuuliza.

"Mimi sikugombana. Tulishuka stejini Lumino, watu bado wanapiga kelele, akanishika shati. Akasema, huu wimbo tusiucheze tena. 'Mvua ya Upande Mmoja'! Ule mdundo wa katikati ni yeye aliuleta, mama. Mimi nilimwomba kitu cha nyumbani, akaniletea ule. Sasa anasema tuutupe."

"Alisema kwa nini?"

"Nilimuuliza. Akafungua mdomo, akafunga. Mara tatu hivyo."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Rasto aliukaza uzi wa gitaa hadi ukalia. "Nilimwita mwoga," alisema. "Mbele ya watu. Akaniambia samahani, akaenda. Ni rafiki yangu, mama. Neno hilo linaniuma hadi leo."

Nusura alifunga daftari. Mtu anayefungua mdomo mara tatu na kuufunga ana jibu, ila kuna kinachomzuia kulitoa. Ni nini hicho, na kilimfika wapi? Alipanda stejini akiwa mzima na kushuka akiwa mtu mwingine, kwa hiyo jambo lilitokea katikati, mbele ya watu elfu mbili ambao hawakuona kitu.

Akaenda kumtafuta John Paul, fundi mitambo wa bendi, katika kibanda chake cha mabati. John Paul hurekodi kila tamasha na hafuti chochote.

"Nipe Lumino," Nusura alisema. "Nipe ile mahali Okochi anapiga peke yake."

Alivaa hedifoni. Gitaa zilinyamaza, besi ikanyamaza, ngoma ikabaki yenyewe. Mapigo matatu mazito, kimya cha kuvuta pumzi, kisha pigo moja jepesi ukingoni mwa ngoma, kana kwamba mtu amebisha hodi na kujuta. Ikarudia. Mara ya tatu, kelele za watu zikapanda, na Okochi akazidisha nguvu.

"Maiki zilikuwa ngapi?"

"Mbili za maana, mama. Ya mbele inasikia watu. Ya nyuma iko kwa ngoma, inasikia Okochi."

"Zima ya mbele."

John Paul alizima. Kelele hazikupungua. Zilibadilika tu, zikawa nyembamba na ndefu, za wanawake zaidi ya wanaume.

"Nyuma ya steji kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu. Mashamba ya mihogo. Nilifikiri ni watu wamekosa nafasi, wanasikilizia nje ya uzio."

"Sikiliza tena. Hawa wanafurahi?"

Alimpa hedifoni. John Paul alisikiliza, akaongeza sauti, kisha akazivua na kuziweka mezani polepole. Yeye pia alikuwa mtoto wa mpakani, na alikuwa amehudhuria misiba ya kutosha.

"Hiki ni kilio," alisema.

Saa sita Nusura alivuka mpaka, akachukua bodaboda hadi Lumino. Uwanja wa tamasha ulikuwa umerudi kuwa malisho ya mbuzi wanne. Alisimama pale steji ilipokuwa na kutazama nyuma: mihogo, njia nyembamba, na mbele kidogo mapaa ya kijiji walikozaliwa akina Okochi, ambako nyanya yake bado anaishi. Hapo swali likawa gumu zaidi. Benard alikuwa ameshatuma watu huko wiki iliyopita, nao hawakumkuta Okochi, wakarudi na jibu moja: hakuna aliyekufa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesema hivyo hivyo kwa simu, na Nusura alimwamini, kwani mwenyekiti hawezi kuficha kaburi. Kilio kipo, kipara ambacho waliofiwa hunyoa kwa matanga kipo, maiti hakuna.

Alikaa kwenye jiwe, goti limenyooshwa, akafikiri kama polisi. Kaburi linaweza kukosekana, lakini watu wakilia lazima watake kivuli na mahali pa kukaa. Akauliza mwenye mahema ni nani.

Mwenye mahema alikuwa Phillip, mtu mnene mcheshi, aliyekuwa akishona turubai mbele ya duka lake.

"Karibu, Hajati," alisema. Nusura hajawahi kufika Maka, lakini Uganda ukiwa na umri na mtandio unapewa cheo hicho bure.

"Siku ile ya Radi Kavu, hema yako moja ilitoka?"

"Hiyo siku!" Phillip aliacha sindano. "Watu wamekuja mbio, wanalia, Phillip leta tenti, leta viti. Mimi nimebeba. Tumechimba mashimo, tumesimamisha nguzo mbili. Mtu akatoka ndani ya nyumba na kikombe ya uji, akatuuliza nani amekufa hapa kwangu. Tukatazamana."

"Ni nani huyo alitoka?"

"Maiti mwenyewe!" Phillip alicheka hadi turubai ikamwanguka, kisha akaziba mdomo kwa mkono. "Hajati, mimi sijasema kitu. Hiyo mambo haijafungwa. Usiniandike."

"Sijaandika. Ni kwa nani?"

"Uliza mwingine."

"Ni kwa nyanya ya Okochi?"

Phillip alichukua sindano na kuinamia kazi yake kwa bidii kubwa. Nusura alimshukuru, akamwachia salamu za nyumbani, akaondoka.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache alipofika kwenye boma hilo. Nyumba ilikuwa ya matofali, ndogo, imefagiwa hadi ukingo wa migomba, na baiskeli yenye matope imeegemea ukuta. Mwanamume mwenye kipara alikuwa akipasua kuni uani. Mikono ilimtambulisha kabla ya uso, kwa maana kila shoka liliposhuka lilishuka kwa kipimo kimoja. Mkono wa kushoto ulikuwa na kamba ya katani, na kwenye kamba kulikuwa na fundo moja.

Okochi alimwona, akaweka shoka chini, akaleta kiti na kukipangusa kwa kiganja.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Mimi naitwa Nusura, zamani polisi Tororo. Nimetumwa na Benard."

"Nilijua mtu atakuja."

"Utaniambia kwa nini umetoka kwa bendi?"

"Hapana, mama."

"Hutaki, ama huwezi?"

Alitazama mlango wa nyumba. "Siwezi."

"Basi wewe nyamaza, mimi niseme. Nikikosea, pasua kuni." Nusura alikaa. "Ule mdundo hukuutunga. Ulifundishwa ukiwa mtoto. Wewe hukujua kazi yake, lakini wazee wa hapa wanaijua. Ni mdundo wa kutangaza mtu amekufa. Siku ile spika zenu zimetangaza mpaka huku. Watu wakasikia, wakakimbia kulia kwa mtu mzima anakunywa uji."

Shoka lilibaki chini. Okochi alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Nusura aliona vibaya kumtazama, akaitazama migomba.

"Okochi!" sauti ya mwanamke mzee iliita kutoka ndani. "Leta huyo polisi hapa. Amejua, basi amejua. Mimi sijafungwa mdomo."

Kukhu Wilkister, nyanya yake Okochi, alikuwa ameketi mkekani, shuka magotini. Alikuwa mwembamba, macho makali, na Kiswahili chake alikichuma miaka thelathini akivusha dagaa mpakani.

"Wewe umesoma vizuri," alimwambia Nusura. "Lakini umeacha moja. Hiyo si mdundo ya kila mtu. Ni yangu mimi. Kwa ukoo wetu kila mzee ana yake. Yangu ilitungwa na marehemu bwana yangu, bado mimi msichana na meno yote. Akaipiga siku moja mbele ya ukoo, wazee waijue, halafu ikafichwa. Kabla hajafa akamfundisha huyu Okochi. Mtoto haambiwi hii ni kifo ya nyanya yako. Anaambiwa tu, shika, usisahau."

"Na yeye hakusahau."

"Hakusahau! Akapeleka kwa gitaa." Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi nilikuwa na malaria, nimelala. Nikasikia mdundo yangu. Nikajiuliza, nimekufa saa ngapi? Nikaamka nikapika uji, nikasema kama nimekufa nitaona. Hapo watu wakajaa. Mzee wa ukoo akaenda kwa steji kumwambia amefanya nini na afunge mdomo, na huyu akaja anakimbia na vijiti kwa mkono. Alilia kushinda wote. Akaniambia, 'Kukhu, nilisikia sauti kule nyuma, nikafikiri wananishangilia. Nikaongeza.'"

Nusura alikuwa amesikia maungamo mengi kazini, ya wauaji na ya wezi wa ng'ombe, na hakukumbuka lililomkaa kifuani namna hii.

"Sasa anafungwa mpaka lini?"

"Mtu akililiwa mzima, lazima arudishe machozi. Naenda kila nyumba yenye ilikuja kulia, nasalimia, nakula kitu kidogo, wananiona mimi mzima. Aliyepiga ananipeleka. Ananyoa kichwa, hagusi ngoma, hasemi hiyo mambo na mtu wa nje, mpaka nyumba iishe. Nyumba ikiisha, mdundo inarudi kwangu. Isipoisha, siku yangu ya kweli nitazikwa kimya, kama mwizi."

"Nyumba ngapi zilikuja?"

"Thelathini na mbili." Kwa hilo alijivuna waziwazi. "Kila tukimaliza moja, anafungua fundo."

Nusura alichungulia nje. Okochi alikuwa amechukua dumu na kushika njia ya kisimani. Kamba ilikuwa na fundo moja, yaani nyumba moja imebaki. Saa yake ilisema kumi na dakika kumi na tano.

"Iliyobaki ni ya nani?"

"Ya mtu."

"Iko mbali?"

"Mguu unaniuma siku hizi."

Jibu lilikuwa limepinda, na Nusura alijua kusikia jibu lililopinda. Alitoka uani, akaegemea ua wa miti mifupi. Upande wa pili, hatua arobaini tu, mwanamke wa makamo alikuwa akipepeta njugu kwenye ungo.

"Mulembe, jirani."

"Mulembe, mama. Mimi ni Quinter."

"Quinter, siku ile wewe ulikwenda kulia hapa?"

"Nani mwingine? Mimi nililia wa kwanza! Nilipoteza kiatu."

"Umerudishiwa machozi?"

Quinter aliacha kupepeta. Alitazama mlango wa Kukhu, kisha ungo wake. "Bado," alisema kwa sauti ya chini. "Kila siku nakaanga njugu, naweka kwa sahani. Kila siku zinaliwa na kuku."

Nusura alirudi ndani na kuketi mkekani, jambo ambalo goti lake lilipinga vikali.

"Kukhu, nipatie ruhusa niseme vibaya."

"Sema. Mimi nimeshakufa."

"Okochi ameonekana Masafu. Alikuwa anakupeleka na baiskeli, si ndiyo? Umefika Masafu. Nyumba thelathini na moja kwa wiki tatu. Ya Quinter ndiyo ilitakiwa kuwa ya kwanza, na ndiyo umeweka mwisho. Hapo hatua arobaini. Huo mguu hauumi, Kukhu."

Mzee alivuta shuka, akalikunja, akalikunjua tena.

"Miaka sita Okochi amekuwa akija na gari," alisema. "Hazimi injini. Anaweka sukari kwa mlango, ananiita Kukhu, anaenda. Mimi sikasiriki, amekuwa mtu mkubwa. Sasa wiki tatu analala hapo kwa kiti. Nikikohoa anaamka. Ananipikia uji ina mabonge, nakunywa. Nikienda kwa Quinter nikala zile njugu, fundo inaisha. Ataenda. Na mimi nitakaa hapa nangoja kufa ya pili, hiyo yenye hawezi kuja mbio tena anikute nakunywa uji."

Nusura angeweza kuondoka na kumwambia Benard kwamba hakupata kitu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mzee huyu alikuwa akichagua bila kujua bei ya anachochagua, na hilo halikuwa haki.

"Okochi amekuambia kuhusu leo saa kumi na moja?"

"Leo kuna nini?"

"Bendi inaweka mtu mwingine kwa nafasi yake. Leo. Mpaka mwisho."

Macho ya Kukhu Wilkister yalimganda usoni. "Bendi yake? Hiyo alianza na yule Mteso?"

"Hiyo hiyo."

"Anajua?"

"Benard alipitisha ujumbe kwa mama yake Okochi tangu Jumatatu. Anajua."

"Na hajaniambia!"

"Angekuambia, angekuwa anakuharakisha."

Mzee akashika ukuta na kuinuka bila kusaidiwa, haraka kuliko Nusura mwenyewe.

Okochi alikuwa akirudi na dumu la maji begani. Alipomwona nyanya yake amesimama mlangoni na mtandio kichwani, alilishusha.

"Okochi, leta viatu vyangu."

"Kukhu, jua bado kali."

"Leta viatu. Tunaenda kwa Quinter."

Okochi alimtazama Nusura, kisha akamgeukia nyanya yake na kusema kwa upole sana, "Kesho pia ni siku, Kukhu."

Hapo Nusura akaelewa kwamba hakuna aliyedanganywa katika boma hili. Mjukuu alikuwa amelijua fundo la mwisho tangu zamani, na sababu yake pia, na alikuwa amekubali kukipoteza kiti ili mzee asiharakishwe. Kwa siku nne alikuwa amepasua kuni akiisubiri saa kumi na moja ya Ijumaa ije ipite.

"Kesho ni ya Mungu," Kukhu alisema. "Viatu."

Walikwenda watatu, hatua arobaini, mzee ameshika mkono wenye kamba. Alipumzika mara mbili, na mara zote mbili hakuwa amechoka. Quinter aliwaona wakija, akaangua kilio kidogo cha furaha, akakatiza akakimbilia jikoni. Akaleta kiti, akaleta maji ya kunawa, akaleta sahani ya njugu iliyojaa hadi ukingoni.

"Nimekuja unione," Kukhu alimwambia. "Mimi mzima. Chukua machozi yako."

"Nimeona, mama. Nimechukua. Kula."

Desturi ilitaka kidogo tu, njugu tatu nne, na fundo lingefunguliwa. Kukhu alichukua moja, akaimenya ganda jembamba kwa kidole gumba, akapuliza, akatafuna kwa meno aliyobaki nayo. Akachukua ya pili. Ya nne ikapita, ya kumi ikapita. Okochi alikuwa amechuchumaa kando yake na hakugusa kamba. Kuku waliposogea, Quinter aliwafukuza kwa mguu.

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili, simu ya Nusura ililia. Okochi hakuinua uso. Nusura alisogea hadi kwenye ua na kupokea.

"Mama, ni Rasto," sauti ilisema. Nyuma yake Benard alikuwa akisema neno saa, saa, saa. "Umempata?"

"Nimempata."

"Ana sababu?"

"Anayo. Si mwoga, Rasto."

Pumzi ya mwimbaji ikasikika ikitoka ndefu. "Mwambie nimekosa. Mwambie... Benard ana karatasi mezani, lakini kalamu nimeikalia mimi, na siinuki. Anakuja?"

"Anakuja. Wimbo mtaimba, lakini ile mdundo ya katikati mtaitoa. Ina mwenyewe."

"Sawa. Itatoka. Mwenyewe ni nani, mama?"

Nusura aligeuka. Sahani ilikuwa imefika nusu. Kukhu Wilkister alikuwa amemenya njugu moja na kuitia mdomoni mwa Okochi, kisha akarudi kutafuta nyingine taratibu, akichagua kubwa.

"Yuko hapa, anakula," Nusura alisema. "Ngojeni amalize."